Machozi ya Kuazima

Kwa miaka kumi na minane, hakuna mgeni aliyekwenda kuogelea na papa potwe katika boti ya nahodha Gaspar Ancona bila kwanza kupita mezani kwa mke wake, Landy. Meza yenyewe ni ya plastiki. Zamani ilikuwa nyekundu, jua la kisiwa cha Holbox, huko Mexico, likaigeuza ya waridi, na mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo umewekewa ganda la kome chini. Juu yake kuna daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Wageni ni watu wazuri sana, ila kalamu ya mwenzao hawana huruma nayo.

Hapo ndipo safari zinapopangwa, na Landy anajua kupanga. "Asubuhi kula mkate mkavu, mayai usiguse," anawaambia. "Mafuta ya jua usijipake, samaki hakuomba kuyanywa. Ukitaka kutapika, tapikia kule upepo unakokwenda. Ukitapikia unakotoka, utajuana na wenzako." Sheria inaruhusu watu wawili tu kuingia majini kwa zamu moja, pamoja na mwongozaji, kwa hiyo kazi kubwa ni kujua nani aruke na nani. Mwoga anapewa jasiri. Mume na mke walionuniana tangu kwenye feri anawatenganisha: mmoja aruke kwanza, mwingine abaki botini akimtafuta kwa macho. Akirudi salama, ugomvi umekwisha, na hakuna padri aliyesumbuliwa.

Watu wa kisiwani samaki huyo wanamwita Dhumna, kwa sababu mgongo wake mweusi umejaa madoa meupe kama vipande vya mchezo ule. Landy anaweza kukueleza Dhumna tangu mdomo hadi mkia. Anaweza kukueleza hata jinsi alivyolia siku alipomwona mara ya kwanza: alilia ndani ya miwani ya kuogelea mpaka machozi yakafika puani, akadhani miwani inavuja. Mgeni akishasikia hayo, hatoki mezani pale bila kuandika jina.

Tatizo ni moja tu. Landy Moguel, mwanamke wa miaka sitini na minne, mzaliwa wa kisiwa hicho, hajawahi kumwona Dhumna hata siku moja.

Tusimhukumu haraka. Mwanzoni alisema kweli. Katika msimu wa pili wa biashara yao, bibi mmoja kutoka mji mkuu alimwuliza, "Na wewe mwenyewe umemwona?" Landy akajibu, "Hapana." Bibi akafunga mkoba wake akahamia meza ya jirani. Kesho yake akaja mwingine, swali lilelile, jibu lilelile, naye akahamia meza ya jirani. Wa tatu alipouliza, Landy akasema, "Nimemwona." Sasa ukishasema umemwona utaulizwa ilikuwaje, na Landy akachukua kilichokuwa karibu, yaani kisa cha mdogo wake, Nelsy.

Machozi yalikuwa ya Nelsy. Siku ya mwisho ya kila msimu Gaspar huwaweka kando wageni akawapeleka jamaa zake. Msimu wa kwanza kabisa Landy alijiandika, lakini binti yake mdogo, Addy, akaamka na homa, na kiti chake akakikalia Nelsy. Ndiye aliyerudi gatini macho yamevimba akisimulia habari ya miwani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Basi hiyo ya Landy sijui nani aliirefusha, maana aliitembea miaka na miaka, tena akiuza.

Na mwenzake wa safari hiyo akawa Gaspar. Alikuwa akikunja kamba nyuma ya meza huku mke wake anasimulia. Mwaka wa kwanza alikohoa. Mwaka wa pili alitabasamu. Mwaka wa tano akaanza kutia chumvi yake: "Akanishika mkono, akaniambia, 'Gaspar, Mungu yupo.'" Landy alidhani mumewe anamsaidia kuuza, akamshukuru moyoni. Mpaka siku ya harusi ya Addy, Gaspar aliposimama na glasi mkononi mbele ya watu wote, akasema kwamba katika maisha yake kuna siku mbili alizomfurahisha mke wake kweli, siku ya kumwoa na siku ya kumwonyesha Dhumna. Sauti ilimkatika. Hapo Landy akajua kwamba mumewe haigizi. Alikuwa amekisikia kisa kile mara nyingi mno hata kikawa chake, akawa anaiona sura ya mke wake ndani ya ile miwani. Landy alitaka kusema, akatazama watu, akatazama uso ule wenye furaha, akanyamaza. Nelsy alimkanyaga mguu chini ya meza.

Kila siku ya mwisho ya msimu Landy alijiandika tena. Na kila mara jambo lilitokea. Kimbunga kilikuja. Mama mkwe alifariki. Wachumba wawili kutoka Puebla waliachwa na feri wakafika wanalia, na boti inaruhusiwa watu kumi tu, wa kazi na wa kuogelea pamoja, na watu wa bandari wanahesabu vichwa kila asubuhi. Wengine aliwaandika kwa kalamu, yeye akijiandika kwa penseli. Kumfuta mtu aliyeandikwa kwa penseli si kazi.

Mwaka huu ulikuwa tofauti. Mwezi wa sita daktari wa macho huko Cancún alimulika ndani ya macho ya Gaspar, akatikisa kichwa. Vya karibu anaviona bado, lakini mbali kote kumekuwa kweupe kama maziwa. Cheti chake cha unahodha hakitaandikwa upya, na boti itakwenda kwa Wilberth, msaidizi wake aliyekwisha pata cheti, mume wa Rubí, binti wa Nelsy aliye mwongozaji wa wageni majini. Kwa hiyo siku ya kufunga msimu huu ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Gaspar, na Landy alijiandika kwa kalamu.

Akafanya na jingine la ajabu. Watu wengi wa kisiwani hawajui kuogelea. Bahari kwao ni shamba, na shambani mtu haendi kujilaza. Lakini mwezi mzima wa nane, kila alasiri, Landy alivaa boya akaingia kwenye maji ya kiunoni, Nelsy akimshika chini ya tumbo na kumfokea: "Piga miguu, dada! Hiyo unakanyaga zabibu!" Watu waliopita ufukweni na vigari vyao vya betri walipunguza mwendo kuwatazama. Gaspar alipouliza mbona anahangaika hivyo kwa jambo alilokwisha kulifanya, Landy alijibu, "Nataka kwenda nawe mara ya mwisho." Huo haukuwa uongo. Ulikuwa upande mmoja wa kweli.

Sasa sikia kilichotokea siku moja kabla.

Ilikuwa kama saa tano za mchana. Uwanjani walikuwa wakitundika karatasi za kijani, nyeupe na nyekundu kwa ajili ya sikukuu ya uhuru. Landy alikuwa mezani, Nelsy kando yake akimenya machungwa, na Gaspar nyuma yao na kamba zake. Kwenye feri akashuka mzee mwembamba mwenye kofia ya ukili na mfuko mmoja mdogo, akaja moja kwa moja mpaka mezani.

"Naitwa Primitivo Cauich," alisema. "Mwoka mikate wa Tizimín, sasa nimestaafu. Nimekuja kuogelea na yule samaki. Nimekwisha jiandaa, bibi, kaptula ya kuogelea ninayo hapa chini ya suruali. Nikuonyeshe?"

"Iache hukohuko ilipo, mzee wangu," alisema Landy. "Boti imejaa. Kesho tunafunga msimu, ni siku ya jamaa zetu."

"Nimeamka tangu saa nane za usiku."

"Mwoka mikate gani asiyeamka saa nane?" Nelsy aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye chungwa.

Mzee Primitivo alicheka, akavua kofia, akakaa. Hakubembeleza. Alisema tu, kama mtu anayejieleza kwa nafsi yake, "Miaka hamsini na mbili nimetazama ndani ya tanuri. Nikajisemea, kabla sijafa nitazame ndani ya kitu chenye ubaridi."

Mkono wa Landy ulikwenda wenyewe kwenye kalamu. Ndiyo mazoea yake, na mazoea yana taabu. Aliurudisha mkono, akaukalia. "Rudi mwakani, mzee," alisema, na sauti yake haikumpendeza mwenyewe.

"Mwakani," alisema yule mzee, kwa upole kabisa. Alikuwa na miaka sabini na tisa. "Na wewe, bibi, umewahi kumwona?"

Landy hakuwahi kufungua mdomo. Gaspar alikuwa amekwisha ziweka kamba chini na kuja mbele, uso umemng'aa.

"Huyu? Huyu amemwona kuliko sisi sote! Nilimshusha majini mimi mwenyewe, mzee. Nilikuwa kwenye usukani, namtazama. Akatoka analia, miwani imejaa machozi mpaka hapa, anamwambia mwongozaji, 'Miwani yenu mbovu hii, inavuja!' Halafu akanishika mkono. Unajua aliniambia nini?"

"Alikuambia nini?"

"'Gaspar, Mungu yupo.'"

Mzee Primitivo alijipangusa jicho kwa ukingo wa kofia. Gaspar naye alijipangusa lake. Kisha akainamia daftari mpaka pua ikakaribia karatasi, akapitisha kidole kwenye majina, kikasimama kwenye la mke wake.

"Eh, mama, si wewe huyu? Wewe ulishaonja. Tusiwe wale wenye shibe wasiomjua mwenye njaa." Akamnyoshea mzee mkono. "Kiti ni chako."

Wakashikana mikono. Kisiwani pale nahodha akikupa mkono kiti ni chako, hata mfalme akija atasubiri. Gaspar akamgeukia Landy, na alimtazama kwa fahari, akiwa na hakika kabisa kwamba amefanya lile ambalo mke wake angelifanya.

"Sawa," alisema Landy.

Kisu cha Nelsy kilianguka mchangani.

Alasiri dada hao wawili walikuwa jikoni kwa Landy wakitayarisha ndoo ya kesho. Njiani kurudi, samaki huvuliwa, hukatwa vipandevipande na kulowekwa kwenye ndimu mpaka aive bila moto, na vitunguu, nyanya na pilipili mbuzi lazima vitoke nyumbani vimekwisha katwa. Nelsy alikuwa akikata kitunguu kana kwamba kimemtukana.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba machozi yale ni yangu. Miaka yote hii unayatumia wala hujaniomba, na mimi sikudai. Lakini leo yamekuponza. Mwambie, dada. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimekwisha zaa watatu."

"Basi mficha uchi haoni Dhumna!"

Landy alicheka, halafu kicheko kikamgeuka. Akaweka kisu chini. "Macho yake yanakwenda, Nelsy. Yale aliyokwisha kuyaona ndiyo yatakayombakia. Na katika yote hayo, hili ndilo analolipenda. Nimwendee leo nimwambie, hili nalo hukuliona? Samaki gani huyo wa kumfanyia mume wangu hivyo?"

"Na mwezi mzima wa kumeza maji ulikuwa wa nini?"

Landy alijifuta ndimu mikononi. Alitaka kumwona samaki yule. Alimtaka kwa namna asiyoweza kuisema bila kuona haya katika umri wake, kama mtoto anavyotaka kitu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amewapeleka watu mlangoni akabaki nje, na sasa mlango unafungwa. Pia, na hili ndilo lililomtoa jikoni, alikuwa amechoka kupendwa kwa siku ambayo haikuwa yake.

Gaspar alikuwa chumbani, amelala kwenye bembea ya kamba, mguu mmoja chini akijisukuma.

"Gaspar."

"Mmh."

"Yule aliyelia kwenye miwani si mimi."

"Ni nani basi?"

"Ni Nelsy."

Gaspar alicheka. "Nelsy halii. Nelsy alizika mume bila kulia."

"Siku ile alilia. Mimi nilikuwa hapa nyumbani, Addy ana homa. Nilianza kuwaambia wageni kwamba ni mimi ili waandike majina. Nawe ukanisikia."

"Nilikuwa kwenye usukani, Landy. Nilikuona."

"Ulimwona Nelsy."

"Ulinishika mkono ukaniambia Mungu yupo."

"Hilo uliliongeza mwenyewe. Mwaka wa tano. Ni zuri, lakini uliliongeza."

Bembea ilisimama. Gaspar alikaa, akaweka miguu yote miwili sakafuni, akaanza kutafuta kwenye kumbukumbu zake kama mtu anayepapasa mifuko.

"Mwaka wa kimbunga?"

"Tulikuwa tunapigilia mbao madirishani."

"Mwaka aliofariki mama?"

"Nilikuwa napikia matanga."

"Na ule mwaka juzi?"

"Wachumba wa Puebla."

Aliacha kupapasa. "Kwa hiyo hujawahi."

"Sijawahi."

"Watu wa dunia nzima nimewapeleka. Nimempeleka mpaka yule jamaa aliyekuja na paka. Wewe sijakupeleka popote."

"Umenipeleka Valladolid mara mbili."

"Kwa daktari wa meno!"

"Ni safari, Gaspar."

Walicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kwanza. Alisimama, akaivaa kofia yake ya unahodha, akatoka kwenda ufukweni peke yake. Chakula cha jioni alikula, akashukuru, akalala. Landy alilala akiamini kwamba amekosa vyote viwili, samaki na lile simulizi.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, Landy alikwenda gatini kupeleka ndoo ya vitunguu. Jamaa walikuwa wamekwisha kaa ndani ya boti, Nelsy mbele, Mzee Primitivo katikati na boya lake limefungwa mpaka kidevuni. Gaspar alisimama kwenye usukani amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mtu wa bandari alihesabu kwa kidole: kumi. Hapo Gaspar alivua kofia yake, akamvika Wilberth, akapanda gatini, akishika nguzo.

"Hesabu tena," alimwambia mtu wa bandari.

"Tisa."

"Wa kumi ni huyu." Akamnyang'anya Landy ile ndoo, akampitishia Wilberth. "Panda, mama."

Landy alielewa, akarudi nyuma hatua mbili. "Wewe mwanamume una wazimu? Leo ni siku yako ya mwisho!"

"Siku zangu zimekuwa nyingi. Yako haijafika hata moja."

Mzee Primitivo alijaribu kusimama, boya likamzuia. "Jamani, niteremke mimi. Mimi nilikuja jana tu!"

"Kaa, mzee," alisema Gaspar. "Nilikupa mkono."

"Siendi bila wewe," alisema Landy. Machozi yalikuwa karibu, na haya yalikuwa yake. "Nitaona nini bila wewe?"

"Utaona samaki mkubwa kupita jiko lako. Mimi nikienda nitaona maziwa." Aliinamisha kichwa karibu na wake ili wengine wasisikie, ingawa boti nzima ilisikia. "Miaka kumi na minane nimeondoka hapa alfajiri nikakuacha umesimama kwenye mbao hizi. Niache na mimi nijue kusimama kukoje."

Nelsy ndiye aliyemvuta dada yake ndani ya boti, kwa kumshika sketi. Boti iliondoka, na Landy alitazama nyuma mpaka lile shati jeupe lilipotoweka.

Mganga hajigangi. Mwanamke aliyewafundisha maelfu alikuwa amekula mayai mawili asubuhi ile kwa wasiwasi, na baada ya saa nzima ya mawimbi alilazimika kuegemea ukingoni. Angalau aliegemea upande sahihi. Mzee Primitivo alimshikia nywele, akimsimulia jinsi ya kukanda unga wa mkate mtamu, na kwa sababu fulani hilo lilimsaidia.

Waliwakuta samaki baada ya saa mbili, mbali, mahali maji yanapoacha kuwa ya kijani yakawa bluu nzito. Mapezi yalitokeza juu ya maji, moja, tatu, halafu Wilberth akaacha kuhesabu. Rubí aliwapanga: Landy na mwoka mikate, zamu ya kwanza.

"Waoga wawili pamoja?" alisema Landy. "Mimi nisingepanga hivyo."

"Leo hupangi wewe, mama mkubwa," alisema Rubí. "Miwani shusha. Mrija mdomoni. Haya, majini!"

Akaanguka. Ilikuwa kuanguka, si kuruka. Povu, baridi, pumzi yake mwenyewe ikivuma masikioni, kisha povu likatawanyika akatazama mbele. Hakukuwa na kitu. Halafu bluu ile ikaanza kuwa na umbo, na umbo likafumbua mdomo, mpana kama mlango wa nyumba, bila hasira wala haraka. Samaki wadogo wa manjano walitangulia mbele ya mdomo huo kama watoto mbele ya bendi. Likapita jicho, dogo, likamtazama au halikumtazama. Ikapita mistari ya mashavu ikifunguka na kujifunga. Yakapita madoa, yakapita tena madoa, na bado mkia haujafika. Yote aliyokuwa akiwaambia wageni yalikuwa ya kweli, hakukosea hata neno moja, na hakuna hata moja kati ya hayo lililofanana na hiki.

Rubí alimtoa juu akikohoa vibaya, maji yakimtoka puani.

"Nini, mama mkubwa? Umeumia?"

Landy alitikisa kichwa. Karibu yao Mzee Primitivo alikuwa akielea chali kwenye boya lake, mikono ameitandaza, akiliambia anga, "Ubaridi! Ubaridi mtupu!"

Njiani kurudi Nelsy alimkazia macho dada yake kutafuta machozi, asiyaone. Walivua samaki wa kula, wakamla kwa ndimu, na mwoka mikate akaomba kujua vitunguu vimekatwa na nani, maana vilikatwa kwa hasira. Landy alikula kidogo, akakaa mbele kabisa ya boti, mikono mapajani.

Gaspar alikuwa amekaa kwenye meza ya waridi, katika kiti cha mke wake. Asubuhi nzima watu walimjia kuuliza habari za msimu ujao, na aliwajibu vibaya, hata akamwambia mmoja wao kwamba mayai ni mazuri sana kabla ya safari. Aliisikia injini kabla ya mtu mwingine yeyote pale gatini. Alisimama, akaelekeza uso kule sauti inakotoka, akangoja mpaka miguu mitupu ilipofika mbele yake na akamtambua mwenye miguu hiyo.

"Je?" alisema.

Landy alifungua mdomo. Alikuwa amesimulia mahali hapohapo mara elfu, kwa watu wasiomhusu, bila kukwama. Akafunga mdomo. Akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Ulilia?" aliuliza Gaspar.

"Sikulia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Gaspar aliitikia kwa kichwa polepole, akijitahidi asionekane amevunjika moyo. "Ulifanya nini basi?"

"Nilikuita." Landy aliona haya, akatazama daftari. "Nilimwona anakuja, nikasahau mrija uko mdomoni, nikaita, 'Gaspar, njoo uone!' Nikanywa bahari nusu. Rubí alidhani nazama."

Gaspar hakucheka. Alinyosha mkono juu ya meza kuutafuta wa mke wake, akaukosa, akautafuta tena, akaupata.

"Nimekuja," alisema. "Alitokea upande gani?"

"Kushoto," alisema Landy, na akaanza kumwonyesha.